Shule ya Adventina Ilikuwa Mpakani

Nilimvunja Kokwijuka kidole kwa sababu ya herufi moja. Ilikuwa mwaka 1948, katika shule ya misheni yenye madarasa mawili, upande wa Muleba. Nilikuwa mwalimu wa miaka ishirini na mitatu kutoka Rubafu, mwenye kaptula iliyopigwa pasi na imani kubwa katika fimbo. Mtoto alikuwa na miaka kumi na alikuwa darasa la kwanza kwa mwaka wa tatu. Nilimwonyesha herufi asubuhi akaitaja vizuri, kufika saa sita akawa hajawahi kuiona maishani. Nikamwambia anyooshe mkono, nikaanza kumchapa kumi. Kwenye ya saba alikunja ngumi, fimbo ikatua juu ya kidole cha shahada, nikasikia kikilia. Nikamalizia tatu zilizobaki.

Hizo tatu ndizo zinazoninyima raha hadi leo. Samaki mkunje angali mbichi, tulifundishwa hivyo chuoni, wala hakuna aliyetuambia tumuulize samaki.

Mama yake aliitwa Adventina. Alikuwa mjane mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyelima tangu utotoni. Mumewe, Buberwa, alikwenda vitani na jeshi la Keya akafia Burma. Kabla ya kuondoka alisimama mbele ya mukungu, mkuu wa kijiji, akatamka kwamba kibanja chake, migomba na mibuni yote, ni cha binti yake huyo mmoja. Wakati ule mtoto alikuwa bado anatambaa, hakuna aliyejua atakuwa wa namna gani.

Kesho yake asubuhi Adventina aliingia darasani na mpini wa jembe.

"Mwalimu," akasema, "nyoosha mkono."

Nilicheka. Pigo la kwanza lilinikuta bado nacheka, begani. La pili lilinipata mbavuni, la tatu nikaanguka juu ya ubao. Watoto wangu, ambao nilikuwa nimewachapa wote kwa zamu, wakaanza kuhesabu kwa sauti moja kama nilivyowafundisha: nne! tano! sita! Walipofika kumi aliacha.

"Kumbe kuhesabu wanajua," akasema, akihema. "Huyu wangu nitamfundisha mwenyewe."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nililala chali siku nne. Siku ya tano nilifungua rejista, nikachovya kalamu katika wino mwekundu na kuandika mbele ya jina la mtoto: *Hana akili. Asipokelewe popote.* Nikaweka sahihi yangu, kubwa, yenye mkia.

Msinielewe vibaya, Adventina hakuwa malaika. Njia yangu ya kisimani ilipita nyuma ya kibanja chake, na miezi ile ya kwanza nilikuwa nikisikia vilio vikali kuliko vya darasani kwangu. Alijua kusoma kidogo, kwa Injili na katekisimu, akanunua kibao kule Bukoba mjini na kumkalisha mtoto chini kila alasiri. Herufi ikiingia, kesho imetoka. Alimpiga kwa kiganja, kisha kwa ufito wa mbuni, kisha kwa chochote kilichokuwa karibu. Nilisimama njiani na ndoo yangu nikisikiliza na, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Siku moja alikuja mlangoni kwangu mwenyewe.

"Leo nimempiga mpaka amejikojolea," akasema. "Akanikumbatia miguu, mimi niliyempiga. Mwalimu, nimekuwa wewe."

Alirudi nyumbani akatia kibao motoni, na ule ufito pia.

Aliniambia baadaye jinsi ilivyoanza shule yake ya pili. Walikuwa wanakata ndizi za kupika, mtoto akagusa mgomba mmoja na kusema chipukizi lake lilitoka kwa bibi wa Kamachumu, akagusa mwingine akasema huu ulitoka kwa mukungu. Akaendelea hivyo mgomba kwa mgomba, bila kukosea. Mama alikuwa ameyasema hayo mara moja tu, miaka mingi nyuma, akiwa amembeba mgongoni. Kichwa kilichokataa herufi kumi kilikuwa kimehifadhi shamba zima.

Adventina alijua cha kumfundisha, kwa sababu alimjua adui yake. Adui alikuwa shemeji yake, Mushumbusi, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye kibanja chake kilipakana na chao. Mushumbusi alisema wazi kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, mbele ya wanaume: "Zuzu hawezi kumiliki kibanja. Siku mama yake akifa, au hata kabla, ndizi ni zangu na yeye ni wangu. Atanichotea maji, na nitajua cha kumfanyia." Wanaume walicheka. Nilikuwepo, nikacheka.

Basi shule ikawa mpakani. Kwetu mpaka wa kibanja huwekwa kwa mulamula, mti mwembamba, mkaidi, ambao ukiukata unachipua tena. Cha Buberwa kilikuwa na milamula ishirini na saba, na kila mmoja uliitwa kwa jina la mtu aliyeshuhudia ukipandwa. Kila asubuhi, umande ukiwa bado chini, mama na mtoto walitembea pekupeku kuuzunguka. Mtoto aligusa mti, akataja jina, akaenda kwenye mwingine. Shida ilikuwa moja. Akikatizwa, na mbuzi, na mtu aliyesalimia kutoka njiani, uzi wote ulikatika na hakuweza kuendelea. Adventina hakumpiga tena. Alimshika mkono wakarudi mti wa kwanza.

"Ukikatika, anza mwanzo," alimwambia. "Lakini usisimame, mwana wange. Usisimame kamwe."

Zipo asubuhi walizoanza mara sita. Walifanya hivyo miaka mitano.

Mwaka 1953, wakati wa kuchuma kahawa, Mushumbusi aliukata mulamula wa tisa, akafunika kisiki kwa nyasi na kupanda mwingine hatua kumi na mbili ndani ya kibanja cha shemeji yake. Katika hatua hizo kumi na mbili kulikuwa na mibuni iliyokuwa imeinama kwa uzito. Adventina alimkuta akichuma. Walirushiana maneno, kisha Mushumbusi akamshika shingo, akambamiza uso kwenye shina la mbuni mpaka meno mawili ya mbele yakabaki kwenye gome. Akamkanyaga mbavu. Akaendelea kuchuma.

Adventina alilala wiki tatu. Alipoweza kusimama alikwenda kushtaki kwenye baraza la gombolola.

Mushumbusi naye hakulala. Alikuja kwangu na kibuyu cha rubisi, akaniomba rejista ya zamani. Nilijua anaitakia nini. Mgongo wangu ulikuwa bado unauma wakati wa mvua, na kiburi kinauma hata wakati wa jua. Nikamkunjia kona ya ukurasa, nikampa.

Barazani alisimama na kitabu kile mikononi, naye hajui kusoma, akamkabidhi Mwami, mkuu wa gombolola, ukurasa ukiwa umekunjwa kona. Hakudai mibuni. Alidai mtoto: kwa kuwa serikali na misheni zimeandika kwamba hana akili, awekwe pamoja na kibanja chake chini ya baba yake mkubwa. Watu walinong'ona kwa heshima. Siku zile karatasi ilikuwa na nguvu kuliko mtu.

Mwami alinitazama. "Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu, Mwami waitu."

"Ni kweli ulichoandika?"

Nilimwona Kokwijuka. Alikuwa na miaka kumi na mitano, amekaa juu ya nyasi karibu na mama yake, akisugua kidole chake kilichopinda. Nilitaka kunyamaza. Haya ikanitoa maneno.

"Niliandika kwa hasira, Mwami waitu. Mama yake alikuwa amenitwanga kwa mpini wa jembe. Nilistahili. Nilikuwa nimemvunja mtoto kidole."

Baraza lilipasuka kwa kicheko, lakini Mwami hakucheka. Alifunga rejista. "Mwenye kibanja aonyeshe mpaka wake kwa miguu yake," akasema. "Akiweza, ni chake. Akishindwa, atakwenda kwa baba yake mkubwa leo hii. Na wewe mama, ukifungua mdomo hata mara moja, nitahesabu ameshindwa."

Tulikwenda wote, watu kama sitini. Kokwijuka aliweka kile kidole kilichopinda kwenye mti wa kwanza. "Mukungu," akasema. Wa pili, "Bibi." Wa tatu, "Mchungaji." Alikwenda mwendo wake, si wa haraka wala wa polepole, nasi nyuma tukikanyagana. Baada ya wa nane aliupita ule mulamula mpya bila hata kuutazama, akaingia hatua kumi na mbili kwenye kile ambacho Mushumbusi alikiita chake. Akapiga magoti na kufukua nyasi kwa mikono. Kisiki kilikuwa pale, alama ya panga bado ikionekana, na kimeshatoa vichipukizi vyeupe gizani. Akakigusa.

"Tata," akasema.

Buberwa ndiye aliyeupanda huo mwenyewe, siku aliyoondoka kwenda vitani.

Mushumbusi alitoka katikati ya watu na rungu. Hatukuwahi. Lilimpata msichana juu ya sikio, sauti yake nyepesi, ya kitu kinachopasuka, na akaanguka kifudifudi juu ya kisiki. Mushumbusi akaliinua tena. Nilimrukia kiunoni, wengine wakamrukia juu yangu, tukamkandamiza kwenye matope, na sitadanganya, nilimpiga ngumi za uso mpaka vidole vyangu vikachanika na mtu akanivuta. Adventina alikuwa amesimama palepale, kitambaa chake amekisokota mikononi, macho yamemtoka, mdomo umefungwa.

"Inatosha," Mwami akasema. "Tumeona. Mchukueni mtoto akatibiwe."

Lakini Kokwijuka aliinuka. Damu ilimtoka sikioni ikaingia kwenye kola ya gauni. Alitutazama, na nikaona kwamba uzi umekatika, hajui tena mti unaofuata. Watu walinyoosha mikono kumsaidia. Akawapita. Alirudi njia tuliyokuja, akiyumba, mpaka kwenye mti wa kwanza, akaweka kidole.

"Mukungu."

Mwami alivua kofia yake akamfuata. Tukamfuata sote, isipokuwa Mushumbusi na waliomkalia. Wa tisa alipiga magoti tena juu ya damu yake mwenyewe akamtaja baba yake tena, na safari hii hakuna aliyethubutu kukohoa. Kumi. Kumi na tano. Kwenye ishirini alishika mgomba kidogo, akaenda. Wa ishirini na saba ulikuwa nyuma ya nyumba yao. Aliugusa, akataja jina, akageuka kumtafuta mama yake kati ya watu.

"Mawe," akamwita mama, "nimesimama?"

Adventina alitikisa kichwa kukataa. Mwami akamwambia, "Sema sasa, mama. Ruhusa unayo."

Alipofungua mdomo, damu ilitangulia. Alikuwa ameutafuna ulimi wake ili asilie.