Mstari wa Saa Mbili na Nusu

Kila asubuhi binti alimfungia baba yake vifungo vya shati. Alianzia chini kabisa akapanda, na akishamaliza cha sita aliondoa mikono na kuiweka mapajani, kwa sababu cha saba, kile cha shingoni, kilikuwa cha mzee mwenyewe. Tabibu wa viungo ndiye aliyeagiza hivyo. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi tangu kiharusi, basi mzee alikitafuta kifungo kwa mkono wa kushoto, akakikosa, akakitafuta tena, macho ameyakaza ukutani kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Binti alikaa mbele yake akasubiri. Siku nzuri zilichukua dakika nane. Siku nyingine mzee alishusha mkono na kusema, "Haya," naye akamalizia.

Mzee alikuwa karani wa masjala ya mahakama kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuwahi kuonekana kazini bila shati la vifungo. Sasa safari yake ndefu ilikuwa ya kutoka chumbani hadi barazani, lakini fulana alizikataa katakata.

Akishamketisha, binti alitembea harakaharaka hadi ofisi ya chama cha mawakili cha kanda, jengo la ghorofa moja lenye ukumbi juu na uwanja wa saruji nyuma. Alikuwa karani wa mafunzo. Kila wakili wa kanda ile alitakiwa kukusanya alama za mafunzo kila mwaka, la sivyo leseni yake isingehuishwa, na aliyejua nani amekuja na nani hakuja ni yeye. Ikifika saa mbili na nusu aliweka rula chini ya jina la mwisho kwenye rejesta akachora mstari mwekundu. Aliyechelewa aliruhusiwa kusikiliza na kunywa chai ya chama, lakini alama hana. Mafunzo yakiisha walisaini tena, naye akachora mstari wa pili, maana zamani walikuwa na tabia ya kusaini asubuhi na kuyeyuka. Utaratibu huo aliubuni mwenyewe. Watu wazima wenye mvi na matumbo yao walipanda ngazi mbilimbili kuuwahi, na wenyewe ndio waliompachika jina: Dada Mstari.

Dada Mstari alikuwa na shahada ya sheria, tena nzuri. Kilichobaki kilikuwa mwaka mmoja wa chuo cha uwakili, katika mji mwingine, na mitihani yake. Alipata nafasi mwaka uleule baba alipoanguka bafuni. Akaomba kuahirisha. Mwaka uliofuata akaahirisha tena. Safari hii chuo kiliandika barua fupi: kuahirisha ni mara mbili tu, hivyo athibitishe kwa fomu yenye saini ya mwajiri kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, au nafasi apewe mwingine.

Kaka yake, fundi umeme, alimwambia kwenye simu amlete mzee kwake, chumba cha nyuma walishakitoa masanduku na wifi yake ameshakipiga deki. Mzee, ambaye maneno yalikuwa yakimrudia moja moja, alitumia moja. "Nenda," alisema.

Lakini watu wakimuuliza, Dada Mstari alijibu kwamba atakwenda mwakani, baba akipata nafuu. Walitikisa vichwa na kumwambia ana moyo. Hakuwaambia kwamba wenzake watatu, waliokuwa wakiazima daftari zake chuo kikuu, walirudi kutoka chuo kile wamefeli. Hakuwaambia pia kwamba ile meza ya mtihani ilimtisha. Hapa ofisini aliijua sheria kuliko wengi waliosaini rejesta yake, na hapakuwa na mtu wa kumsahihishia.

Ijumaa ilifika. Asubuhi hiyo mzee alihangaika na kifungo cha saba mpaka kikakatika, kikabingirika chini ya kitanda. Walitazamana. Mzee akacheka, cheko lake la upande mmoja. Binti alimbadilisha shati, lile lililokatika kifungo akalikunja akalitia mkobani pamoja na kifungo chake na bahasha ya fomu, akaondoka mbio.

Siku hiyo chama kilikuwa na mambo mawili kwa mpigo. Juu ukumbini, mafunzo kwa mawakili hadi saa saba. Baada ya hapo, mawakili haohao wangeshuka uwanjani kuwahudumia wananchi bure, kwenye meza zilizopangwa chini ya turubai, kama wafanyavyo mara moja kila mwaka. Mada ya mafunzo ilikuwa muda wa kukata rufaa na namna ya kuulinda.

Saa mbili na nusu alichora mstari. Baada ya dakika mbili akaingia kijana mmoja wakili, tai mkononi, anahema. Huyu naye alikuwa na jina lake la pale. Walimwita Dakika Mbili, kwa sababu alichelewa dakika hizohizo tangu aapishwe.

"Dada yangu, hata wino haujakauka," alisema.

"Umekauka, wakili. Chai iko kule."

Alikwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, akawa mtu pekee ukumbini aliyekuja kujifunza bila malipo yoyote.

Chini uwanjani wananchi walianza kufika mapema. Kazi ya Dada Mstari kwa hao ilikuwa kuandika jina, shida kwa maneno matano, na kuwapa namba. Katibu wa chama alikuwa amemwonya mara nyingi: ushauri hutolewa na mawakili, yeye anaandika namba. Saa nne akafika mama mmoja wa makamo, pini tatu zimechomwa kwenye kola ya gauni lake na futi ya kupimia imening'inia shingoni kama mkufu. Alikuwa fundi wa kushona. Marehemu mume wake alimwachia chumba cha mbele cha nyumba, ndimo alimoweka cherehani zake, na shemeji yake alikwenda mahakamani akashinda. Fundi alipewa karatasi akaambiwa atoke.

Dada Mstari aliipokea hukumu ile ili aandike maneno matano. Macho yake yakaenda yenyewe kwenye tarehe. Akahesabu kwa vidole chini ya meza, akarudia. Rufaa ilikuwa na siku thelathini, na leo ilikuwa ya thelathini. Masjala ya mahakama, siku za Ijumaa, ilifungwa saa nane.

"Mama, hii umekaa nayo muda wote huo?"

"Nilikuwa nasubiri siku yenu ya bure, mwanangu. Si mlitangaza?"

Alipanda ngazi mbilimbili. Juu, mtoa mada alikuwa anaeleza kwa uchungu jinsi haki za watu zinavyopotea kwa kuchelewa siku moja. Dada Mstari alimpelekea Katibu kikaratasi. Katibu alikisoma, akageuka kuitazama safu ya mawakili, akamnong'oneza kwamba wangeshuka saa saba. Dada Mstari akamnong'oneza wakili wa safu ya mbele. Huyo akatikisa kichwa: akitoka sasa hatasaini mwisho, na mwaka unaisha, alama zake bado hazijatimia. Wa pili hivyohivyo. Walikuwa arobaini na sita, wote wamekaa sawasawa juu ya viti vyao kwa sababu ya utaratibu alioubuni yeye.

Hapo ndipo alipomwona Dakika Mbili kule nyuma, anachora chora kwenye bahasha. Alama hana, kwa hiyo hakuwa na cha kupoteza. Alimwinamia.

"Sasa unanihitaji?" Dakika Mbili aliuliza, akiwa ameshasimama. "Ningewahi asubuhi, leo ungekwama."

Walikaa ofisini kwake, mlango wazi. Dakika Mbili alimhoji fundi, fundi akajibu, na Dada Mstari akachapa. Alichapa haraka kuliko walivyozungumza. Kila fomu ya notisi ya rufaa iliyowahi kufundishwa ukumbini mule ilipita kwenye vidole vyake. Dakika Mbili aliposema sababu ya pili ya rufaa, aliona tayari ipo kwenye karatasi, na ya tatu ambayo hakuifikiria. Alisoma mara mbili. Akagonga mhuri wake, akasaini, kisha akamwambia fundi kwamba kama mambo yangekuwa sawa mhuri huu ungekuwa wa dada hapa.

Wakati mashine ya kuchapa nakala ikigoma kama kawaida yake, fundi aliona mkono wa shati ukichungulia mkobani. Kuona nguo iliyokatika kifungo kulimwasha. Alilitoa, akalipindua, akauliza la nani. Dada Mstari alimweleza habari za baba, mkono wa kulia na dakika nane za asubuhi. Fundi alimsikiliza, akachomoa kopo dogo kwenye mfuko wake. Ndani mlikuwa na vifungo vya kubonyeza, vile vya magauni ya watoto. Akashona viwili kwa ndani, juu yake akarudishia kifungo cha kawaida, cha pambo tu. Kisha akaweka mkono mmoja nyuma ya mgongo na kwa kidole gumba cha mwingine akabonyeza kola. Ikafunga.

"Vyote nitavibadilisha hivi," fundi alisema. "Mzee atajivalisha mwenyewe, nawe utalala kidogo."

Dada Mstari alishukuru. Alilipokea shati akalibonyeza mwenyewe, likafunga, akalifungua, likafunga. Badala ya kufurahi alihisi kama mtu aliyekuta kiti chake kimehamishwa.

Saa sita na robo fundi na Dakika Mbili walitoka kwenda mahakamani. Mlangoni Dakika Mbili, aliyewahi kuiona barua ya chuo mezani kwake, aligeuka. "Na fomu yako mwisho ni leo, sivyo? Saa kumi?"

Alijibu kwamba ndiyo, bado ana muda mwingi.

Saa saba alichora mstari wa pili. Mawakili wakashuka uwanjani, wakapigwa picha chini ya turubai, wakaanza kuita namba. Katibu alikuja ofisini kusaini vyeti vya mafunzo, rundo zima. Dada Mstari alikuwa ameiweka fomu yake katikati ya rundo, na hata mwenyewe hakujua kama alifanya hivyo ili isainiwe au ili irukwe. Katibu alisaini akitania kwamba siku binti akiolewa itabidi chama kimpe mahari bwana harusi ili amwache. Alipoifikia fomu alisimama, akaisoma yote. Dada Mstari alingoja. Mwaka jana Katibu alimwambia ofisi itakufa asipokuwepo, naye alilishika neno hilo kama mwamvuli.

"Nenda, binti," Katibu alisema. Akasaini, akapiga mhuri. "Mstari tutauchora. Rula si iko?"

Ikawa saa nane unusu. Aliipiga fomu picha kwa mashine, akaifungua barua pepe ya chuo, akaiambatisha. Akaandika mistari miwili ya heshima. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza. Aliinuka akafunga dirisha, kwa sababu ya kelele. Akarudi. Akampigia baba, akamuuliza kama amekula. Amekula. Akamuuliza kama mtoto wa jirani amemchungulia. Amemchungulia. "Umetuma?" mzee akauliza, maneno yakitoka polepole, na yeye akajibu kwamba ndiyo anataka kutuma, mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzuri.

Akasoma barua yake akaona kosa la mkato, akalirekebisha. Akakumbuka vyeti havijapangwa kwa herufi, akavipanga, vyote arobaini na sita. Saa tisa na nusu. Aliwaza juu ya wale wenzake watatu. Mmoja wao sasa anauza vipuri vya magari na akimwona hujifanya anatafuta kitu dukani. Akawaza ukumbi wa mitihani, namba yake kwenye karatasi, halafu orodha ukutani, na mawakili wote hawa wakiisoma orodha ile na kutazamana. Mkono ulikuwa juu ya kitufe. Saa kumi kasoro tano. Kasoro mbili. Uwanjani mtu alicheka. Saa ya ukutani, ambayo yeye ndiye huitia betri na kuirekebisha ili pasiwe na wakili wa kulalamika, ilifika kumi kamili, ikapita.

Hakubonyeza. Alikaa na rula mbele yake.

Baada ya dakika mbili Dakika Mbili akachungulia, kama ilivyoandikwa katika nyota zake, akamwona alivyokaa. Tabasamu likamtoka. Hakutania. Alimwachia fundi njia, yeye akabaki kwenye korido.

Fundi aliingia na nakala yake ya notisi. Mhuri wa masjala ulikuwa wa bluu, saa saba na dakika hamsini. Alikuwa ametembea na karatasi ile ameishika mbele kama sinia ya moto. Aliiweka juu ya meza ili Dada Mstari aione vizuri, kisha akaiona skrini, barua iliyo tayari na jina la chuo juu yake. Njiani Dakika Mbili alikuwa amemsimulia yote. Fundi alivuta kiti akakaa, akaivua ile futi shingoni na kuikunja kiganjani. Kwa mwezi mzima yeye alijua sawasawa ni nani aliyemzibia mlango: shemeji yake, jina, sura na viatu.

"Mwanangu," akasema taratibu, "nani kakuzuia?"

Dada Mstari alilitazama shati la baba yake, lililokunjwa pembeni, kola imefungwa.

"Hakuna," akasema.