Karatasi ya Shigela Kwenye Printa ya Mapokezi

Kwa miaka kumi na mmoja Odeta alikaa mapokezi kwenye zahanati moja binafsi mtaa wa Pasiansi, na hakuwahi kusoma majibu ya mgonjwa hata mmoja. Majibu yalitoka kwenye printa ya maabara, yakatiwa kwenye bahasha, yakaenda kwa daktari. Kazi yake ilikuwa kuandikisha majina na kutuliza wenye haraka.

Jumanne hiyo aliletewa printa mpya. Asubuhi umeme ulikatika. Uliporudi, akaiwasha kabla maabara hawajawasha ya kwao. Saa nne hivi ikaanza kunguruma, wala hakuwa amebonyeza kitu. Akavuta karatasi aitupe. Jicho likaangukia jina: Shigela Ngosha Machibya, miaka 53.

Mumewe.

Akajipa moyo kwamba ni majina kufanana. Usukumani akina Shigela ni wengi. Lakini namba ya simu ilikuwa ile ile anayoipiga kila siku. Sampuli ilitoka zahanati ya Mirongo. Mbele ya neno kreatinini palikuwa na mshale unaoelekea juu, na tarakimu iliyozidi kiwango mara mbili. Odeta hakuwa daktari, ila alishasikia ya kutosha kujua kwamba hizo ni figo.

"Mama, kuna nini? Umekauka!" mgonjwa wa benchi la mbele alimwambia.

Odeta alijikongoja hadi maabara, karatasi ameigeuza kifuani. Nestory, mkuu wa maabara, alipoiona alishika kichwa.

"Haiwezekani! Nimeituma hapa hapa! Mama Elias, zimetoka ngapi huko?"

"Hii moja. Na ni ya baba Elias."

Nestory akaenda mbio kuchomoa printa ya mapokezi, kisha akampigia fundi wa kompyuta.

Jovina, binti wa Kihaya mwenye maneno machache, alifika ndani ya saa moja. "Shikamoo mama," alisema, kisha akainamia mashine. Hakukawia kuinua kichwa.

"Printa zote mbili zina anwani moja. Tazama: 192.168.1.20, na hii nayo 192.168.1.20."

"Anwani ya nini? Zote si zimo humu humu ndani?"

"Humu ndani kila kifaa lazima kiwe na namba yake, mama. Kompyuta haijui maabara wala mapokezi, inajua namba tu. Ya maabara iliandikwa kwa mkono zamani, na ruta, kile kisanduku kinachogawa namba, haikuambiwa. Ulipowasha hii mpya, iliomba namba. Ruta ikatazama, ikaona ishirini iko kimya, ikaitoa."

"Kwa hiyo mashine haikukosea?"

"Ilipeleka kwa aliyeitika. Tuliokosea ni sisi watu."

Akaiagiza ruta igawe namba kuanzia mia moja tu, zile za chini zibaki kwa vifaa vya kudumu. Kila namba akaibandika kwenye kifaa chake. Nestory aliitoa karatasi mara ya pili ikatokea maabara.

Jioni Shigela alirudi kutoka kwenye karakana yake ya kuchomelea, akaketi akijishika kiuno. Odeta alishindwa kungoja.

"Baba Elias, majibu yako nimeyaona. Si kwa kutaka."

Mwanaume akamkazia macho kama aliyepigwa shoti.

"Nilikwenda Mirongo makusudi usijue! Yamefikaje kwako?"

"Mirongo wanatuletea sisi sampuli. Kwa nini ulinificha?"

Shigela akatoa mfukoni pakiti ya vidonge vya maumivu, imebaki viwili. Alikuwa akivimeza kila siku, mwaka wa pili sasa, kwa ajili ya mgongo.

"Niliogopa utaniambia niache kazi."

Asubuhi walikwenda wote wawili hospitali kubwa. Daktari alivipiga marufuku vile vidonge, akasema vimeziumiza figo lakini hazijafa. Baada ya miezi mitatu ile tarakimu ilikuwa imeanza kushuka, na Shigela alikuwa amepunguza kazi za kuinama. Odeta, kila anapokumbuka Jumanne ile, moyo humpasuka: karatasi hiyo ingeweza kuwa ya mtu yeyote, na kutokea hadharani mbele ya benchi lililojaa watu.