Jiko Langu Juu ya Maji ya Mgogo

Jumanne asubuhi nilikuwa nageuza vitumbua, sijauza hata sahani moja, mteja wangu mmoja wa bodaboda akasimamisha pikipiki. Hakushuka. Akaniambia, "Bibi, yule mtani wako wa zimamoto amefariki. Jana jioni, kule kwake Itetemia." Kitumbua kikaungua. Vitumbua vyangu haviungui, wanaokula wanajua, lakini siku hiyo kimoja kiliungua na mimi nikakiangalia tu. Halafu, msinishangae jamani, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa sura yake. Ilikuwa ile mifuniko ya chuma iliyofukiwa mjini humu. Nikajiuliza, sasa nani anajua ilipo?

Wasomaji wangu mmeshanizoea, nikianza habari ya mtu naanzia mbali. Marehemu alikuwa Mgogo, akiendesha gari la zimamoto hapa Tabora miaka mingi, akastaafu, akabaki hapa hapa kama vile kwao kumefutwa. Mimi Mnyamwezi. Sasa kwa asiyejua, Wagogo na sisi ni watani, na utani wenyewe ulianzia njiani. Mababu zetu walikuwa wanabeba pembe kutoka huku kwenda pwani, wanapita Ugogo kiangazi, ulimi umekauka kama gome, wanakuta Wagogo wamekaa kisimani: toeni hongo kwanza ndiyo mnywe. Ndivyo nilivyosimuliwa na bibi yangu, naye hakupenda kuongeza chumvi sana. Kwa hiyo siku nilipojua kwamba Mgogo ndiye anayetuletea maji Wanyamwezi tukiungua, nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, "Enhe! Mnaturudishia maji yetu, siyo?" Akasema, "Kidogo kidogo mama, msije mkalewa."

Wakati huo nilikuwa napeleka vitumbua pale wanapoegesha magari yao, na mimi macho yangu hayana adabu, yanauliza kabla ya mdomo. Asubuhi moja nikamwuliza, "Hivi mtani, hilo jumba lako jekundu lina nini tumboni?"

"Lina njaa. Leta vitumbua nilifungue."

Akalifungua. Nikwambieni, ile milango ya ubavuni haifunguki kama milango ya watu, inapanda juu inajikunja kama mkeka. Ndani kila kitu kina kitanda chake. Shoka limelala kwake, nyundo kwake, mitungi ya hewa ya kubeba mgongoni imejipanga kama watoto wa madrasa. Mipira ya maji imekunjwa duara, duara, kama kata tunazoweka kichwani tukibeba ndoo. Akaniambia ikishatumika lazima ianikwe mpaka ikauke, la sivyo inaoza, nikasema basi na nyie mna kufua. Ila kilichonimaliza ni buti. Buti zimesimama chini, suruali imeshavishwa humo, imeshushwa, kazi ya mtu ni kutumbukiza miguu na kuvuta juu.

"Na ukikosea ukaingia za mwenzio?"

"Nakwenda kuzima moto na miguu ya kuazima."

Nikamwuliza maji ya tangi yanatosha kwa muda gani. Nilidhani atasema kutwa nzima, maana gari lenyewe ni kama nyumba. Akasema ukifungua mpira mkubwa kwa nguvu, chai yako haijachemka yameisha. "Ndiyo maana mnatuzomea mtaani kwamba faya wamekuja bila maji," akasema. "Tunakuja nayo mama. Yanaisha." Na hapo akatoa chuma kirefu, juu kina mkono wa kukingama wa kushika kwa mikono miwili. Akasema huu ni ufunguo. Nikamwuliza wa mlango gani, wa peponi? "Wa ardhini," akasema. Akanieleza kwamba chini ya mji huu yamepita mabomba, na pahala pahala bomba limeachiwa mdomo, mdomo umefunikwa kwa chuma. Gari likiishiwa, unafunua, unaingiza ufunguo, unafungua, unaunga mpira. Bila ule mdomo, gari lote lile ni ndoo yenye matairi.

Nilirudi nyumbani nimefurahi kama niliyeonyeshwa uchi wa mji. Haikupita muda mrefu nikamwona anakuja kwenye kibanda changu, pale barabarani Gongoni, ana fimbo ya chuma anagonga chini. Gonga, sikiliza. Gonga, sikiliza. Akafika mbele ya jiko langu akagonga, ikalia ngwe!

"Mama, umekaa juu ya maji yangu."

Nikamwambia, "Wewe unataka nafasi yangu. Umeshampata mwanamke wa kumweka hapa."

"Sikufukuzi. Sogea hatua tatu tu."

Hatua tatu! Anayeuza barabarani anajua hatua tatu ni nini. Hapa nina kivuli, kule jua. Hapa mtu anayetoka msikitini ananusa, kule ananusa vumbi. Nikamjibu kiutani, nikamwambia alipe hongo kwanza. Akacheka, akasema atarudi. Alirudi mara mbili, na mara zote mbili nilimlisha vitumbua nikampoza. Ikaja masika, pale chini pakawa tope. Jirani yangu fundi cherehani alikuwa anapigiwa sakafu dukani kwake, na yule mwashi akanimwagia mabaki ya saruji mbele ya jiko, akanisawazishia vizuri. Nikafurahi sana, nikafagia. Mfuniko sikuufikiria hata kidogo. Wallahi, kama ningeufikiria ningesema, maana leo sifichi kitu.

Moto ulitoka kwa huyo huyo fundi cherehani, mchana kweupe. Pasi ya mkaa, kaa moja limedondoka kwenye rundo la vitambaa. Gari likaja upesi, likamwaga maji, moto ukaanza kunywea, watu tukapiga makofi. Halafu maji yakakata. Mnaujua umati wa kwetu. "Faya, mmekuja kunawa?" "Ndiyo hayo tu? Hata kumwogesha bibi harusi hayatoshi!" Na moto nao kama umesikia, ukainuka upya.

Nikamwona Mgogo anakuja upande wangu anakimbia, ufunguo bega hili, sululu bega lile. Akaangalia chini akaona saruji. Akaniangalia mimi. Akasema tu, "Samahani mama," akalisukuma jiko kwa buti, mafuta yakamwagika, akaanza kupiga. Saruji ile ilikuwa nzuri jamani. Mwashi yule alijua kazi. Ilikataa, ikakataa, na kila alipopiga mimi nikawa nasikia kwenye meno yangu. Ilipokubali akachimbua udongo kwa mikono, akafunua, akaunga mpira, maji yakaja yananguruma. Nyumba ya nyuma ikapona, watu wote wakapona. Duka la mbele likaisha: vyerehani vitatu na sare za shule za watoto wa watu, zilizokuwa zimebakiza vifungo tu.

Watu macho yao yote yalikuwa kwenye moto, na moshi ulikuwa mzito, hakuna aliyeona mfuniko umetolewa wapi. Wakamzunguka: "Maji yalikuwa yapo, mbona mmechelewa kuyatoa?" Mimi nimesimama na mwiko mkononi. Akajifuta uso akasema, "Kifuniko kilikuwa kigumu." Basi. Wakamtukana mpaka wakachoka.

Kesho yake nilisogea hatua tatu, juani. Akaja akala kama siku zote. Mimi ndiye niliyeshindwa. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini hukunisema?"

"Ningekusema wangekuchoma wewe. Na mimi nilikuwa nimeshachoka kuzima."

Baada ya kustaafu alikuwa anakuja kukaa kwenye benchi langu, na mimi kila siku namchokonoa: na mfuniko mwingine uko wapi? Ananieleza. Mmoja karibu na mpera wa zahanati, mmoja wanapoegesha bodaboda, mmoja pembeni ya fremu mpya za maduka. Nikamwambia si kuna ramani? Akasema ramani ipo, na ni nzuri, lakini ramani haijui nani kajenga choo juu yake jana. Yeye alikuwa anazunguka na fimbo yake hata baada ya kustaafu, hakuna aliyemtuma, anagonga na kusikiliza. Watoto walidhani amerukwa na akili. Na hapa ndipo ninapojiuliza mimi nisiyesoma: ni wangapi mjini humu wanabeba vitu vichwani vinavyotushikilia sisi wote, na tunawapita tunawaomba tu wapishe njia? Tunajua kuzomea gari. Tumbo la gari hatujawahi kuomba kulichungulia.

Siku ya kuzika nikaenda Itetemia na ndoo ya maji. Wenzake walikuja na gari lenyewe, limeoshwa linang'aa. Jeneza linatoka, mimi nikaweka ndoo katikati ya njia, nikakaa chini. Kijana mmoja akasema, "Bibi, tupishe." Dada wa marehemu, mama wa Kigogo hasa, akamkemea, "Mwache, huyo mtani wake." Nikasema, "Mababu zetu mliwakalisha kisimani. Leo zamu yetu, hapiti Mgogo hapa bila hongo!" Watu wakacheka huku wanalia, wakaanza kutupa sarafu kwenye ndoo. Nikasema sitaki hela. Nikasema, "Na huyu Mgogo mnayemlilia ni mwongo!" Wakacheka zaidi. "Aliudanganya mji mzima kwamba kifuniko kilikuwa kigumu. Hakikuwa kigumu. Kilikuwa chini ya jiko langu, na saruji juu."

Utani unaruhusu mengi, lakini waliona huu umevuka. Fundi cherehani alikuwa nyuma kule, nilimwona anapenya watu. Nikainamisha kichwa. Nilikuwa tayari kwa tusi, hata kofi. Akachuchumaa mbele ya ndoo yangu akasema, "Mama, mwashi alitaka kuyatupa yale mabaki. Mimi ndiye niliyemwambia akumwagie, nilikuwa naona unakanyaga tope." Nikamwuliza kama alijua kilichokuwa chini. Akasema, "Nilijua siku ileile, baada ya moto, nilipoona mabonge ya saruji yangu. Nikamwambia marehemu kosa ni langu, akaniomba ninyamaze, asije mtu akakufanyia kitu."

Kumbe! Alitubeba wote wawili miaka yote hiyo, mmoja huku mmoja kule, na mimi nikidhani nimebebwa peke yangu.

Hongo yangu nikaitaja pale pale, nikawageukia wale wa zimamoto: mmoja wenu aje na ufunguo, nimwonyeshe yote aliyonieleza. Mkuu wao, binti mmoja mrefu aliyevaa kofia yake sawasawa, akasema, "Bibi, tutakuja." Wakaja juzi. Mimi, fundi na zimamoto wawili tumezunguka mji tunagonga chini kama vichaa, na binti anapaka rangi ya manjano kila ulipolia ngwe! Somo langu la wiki hii ndilo hilo, sina jingine: mwulize mtu kazi yake angali anaweza kukujibu, umwulize na vyombo vyake, na akikuambia usogee, sogea siku hiyohiyo.

Mfuniko wa mwisho tuliukuta karibu na stendi, chini ya jiko la dada mmoja anayeuza chipsi. Akatutazama sisi wanne na ile fimbo, akashika kiuno.

"Bibi, unataka nafasi yangu?"

Fundi akageuka pembeni, mabega yanamtikisika. Nikamwambia, "Sikufukuzi mwanangu. Sogea hatua tatu tu."

Akatupima kwa macho, mmoja mmoja. Halafu akainama akalishika jiko upande mmoja. Fundi akashika upande wa pili.