Binamu Niliyemuua kwa Ajili ya Homoni

Nilimuua binamu yangu wa Lukuledi asubuhi ya Jumanne, nikiwa nakoroga uji wa mume wangu. Binamu huyo hakuwahi kuzaliwa. Nilimhitaji afe ili nipate kwenda hospitali Masasi, njia moja na Lukuledi, bila mtu kuniuliza naumwa nini, maana ugonjwa wenyewe sikuwa na mdomo wa kuusema.

Ulikuwa msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, Newala imejaa ukungu, watu wazima wanatembea na masweta mawili. Mimi najipepea na mfuniko wa sufuria. Joto lilikuwa linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linafika usoni, jasho chapachapa, halafu kidogo tu natetemeka. Nilihama kitandani nikawa nalala sakafuni, saruji tupu. Na hasira! Nilimfukuza kuku wa jirani mpaka barabara ya lami kwa sababu aliniangalia vibaya. Siku nyingine nilijimwagia ndoo nzima ya maji mchana kweupe, na aliyewahi kuishi Newala anajua maji kule ni ya shida, ndoo moja tunaiheshimu kama mkwe. Mume wangu aliitazama ile ndoo tupu, akanitazama mimi, akatoka bila neno.

Kule kutosema neno ndiko kulikoniumiza. Zamani alikuwa msemaji mpaka unamwomba apumzike. Sasa akirudi shambani anakaa, anakodolea macho viatu vyake, anasinzia kabla ya chakula. Kunigusa ndiyo kabisa, miezi. Nikajisemea, basi, nimeshachuja, mwanamume amenichoka, anatafuta mlango wa kutokea. Niliogopa jamani. Watoto wameshaondoka, nibaki na nani, na yule kuku?

Basi nikamwambia binamu amefariki. Akasema, "Pole sana, mke wangu. Nenda. Mimi nakwenda Tandahimba kutafuta plagi ya mashine ya salfa." Alikubali haraka mno. Mume gani asimsindikize mkewe msibani? Lakini nilikuwa na haraka ya uongo wangu, wa kwake sikuuona. Nilipita kwa jirani, mama wa rika langu, nikamwachia ufunguo awape kuku wangu maji, nikamwambia na yeye habari za msiba. Huyo ni mtani wa ukoo wetu. Ukimwambia kichwa kinakuuma, anakuuliza sufuria zako anarithi nani.

Hospitali nilikutana na daktari binti, umri wa kitinda mimba wangu. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Akaanza maswali: hedhi ilikoma lini, nimewahi kuganda damu miguuni, kuna mtu kwenye ukoo aliyeugua saratani ya matiti? Akanipima presha. Akanieleza kwamba homoni za kike zimeshuka, na ziko dawa za kurudishia kidogo. Kwa kuwa kizazi bado ninacho, nimeze aina mbili pamoja, nisije nikaacha moja kwa ubishi wangu. Ubishi wangu kaujuaje? "Hujarogwa, mama," akasema. Nikalia. Nilikuwa nimeshamchagua na mchawi, wifi yangu mkubwa, ilibaki kumtangaza tu.

Nikatoka na dawa zangu. Kwenye benchi la maabara ameketi mwanamume, kofia imeshushwa mpaka puani. Shati nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe.

"We! Tandahimba imehamia hapa?"

Akainua kofia. "Na maiti yako iko wapi?"

Benchi zima likageuka. Nikakaa. Akaninong'oneza kwamba wiki iliyopita walimpima damu asubuhi, wakamwambia arudi asubuhi nyingine kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi, na inaonekana homoni zake za kiume zimepungua. "Uliponihama ukaenda sakafuni," akasema, "nikajua umenikinai."

"Nilihama kwa joto, mjinga wewe!"

Tulicheka mpaka nesi akatufokea.

Tulirudi na gari moja, tunamenya machungwa. Sasa, kwetu mtu akitoka msibani hakuti nyumba tupu, na mimi kwa kuhangaika kuua nilisahau hilo. Uani kulikuwa kumetandikwa mikeka, kuni zimepangwa, unga umeletwa, kisamvu kiko jikoni. Katikati yuko mtani wangu, amevaa gauni langu, anajipepea na mfuniko wangu, analia kwa sauti: "Uuuwi, binamu! Umekwenda bila hata kuniachia sufuria!"

Wakainuka kutupa pole. Mzee mmoja akauliza marehemu alisumbuliwa na nini. Joto likanipanda papo hapo. Nikisema kweli, kesho sokoni kote habari ni mimi. Nikinyamaza, watu wanamlilia mtu ambaye hayupo.

Mume wangu akakohoa. "Hakuna aliyekufa," akasema. "Mgonjwa ni mimi. Homoni za kiume zimeniishia, nimekwenda kupimwa. Mke wangu amedanganya ili anisitiri."

Wanaume kwenye kuni wakatazama chini. Huyo ni mtu ambaye nyumbani kwake mwenyewe alishindwa kunieleza mimi, leo anajivua nguo mbele ya mtani, atakayemla nyama maisha yake yote! Anayetafuta mlango wa kutokea hafanyi vile. Nikashindwa kuvumilia.

"Mwongo huyu!" nikasema. "Alikwenda kwa yake, na mimi kwa yangu. Joto hili mnaloniona nalo, dawa yake hii hapa."

Nikasubiri kicheko cha mtani. Hakikuja. Alinisogelea, jasho linamtiririka kwenye gauni langu. "Dada," akasema polepole, "hilo joto lako, linaanzia kifuani?" Kumbe kule kujipepea hakukuwa kuniigiza. Nilimpa mkeka akakaa, na kisamvu tulikila, maana kilishaiva.

Wageni walipoondoka niliingia chumbani nikamkuta mume wangu anahangaika, anashusha godoro sakafuni.

"Saruji ya baridi hiyo," nikamwambia. "Utaumwa."

"Nimevaa masweta mawili," akasema.