Mashua za Rimoti na Dele la Kahawa

Watu wakisikia kwamba sisi wazee wa Likoni tunashindanisha mashua, hufikiri tunaingia majini. Hatuingii. Sisi tunasimama ukingoni, nguo kavu, rimoti mikononi kama watu wanaotafuta stesheni ya televisheni. Mashua zenyewe, kila moja urefu wa mkono, ndizo zinazohangaika kwenye timbo. Timbo ni shimo lililochimbwa mawe ya kujengea likaachwa, na hili letu la Bofu limejaa maji ya mvua. Baharini tulijaribu mara moja. Chumvi ikala mota, na mashua moja ikakataa kurudi, ikaenda zake huku mwenyewe akiitukana mbele ya watu. Sitamtaja, ila kofia aliyovaa siku hiyo ninayo hapa kichwani.

Mimi skuli niliionja tu, sikuimeza. Lakini kuandaa mashindano hakutaki skuli, kunataka sauti, na hiyo Mungu alinipa kwa pakacha. Basi mwandalizi ni mimi.

Mashua tunazichonga kwa mbao nyepesi, chini tunazitia kipande cha risasi ya betri kuukuu ya gari zisipinduke. Tanga ni kitambaa cha mwavuli uliovunjika. Ndani mna mota mbili ndogo: moja inavuta kamba ya tanga, nyingine inageuza usukani. Mota ya kusukuma mashua ni haramu. Kinachosukuma ni upepo, na ukikata, sote tunasimama tukitazamana kama wachumba.

Rimoti nyingi tunazipata kwenye vitu vya kuchezea vya mitumba, na humo mna balaa. Rimoti mbili zikiwa na masafa mamoja, moja yaweza kuendesha mashua isiyo yake. Siku moja nageuza kulia, mashua yangu imesimama kama mbuzi aliyeona nyoka, na ya jirani ndiyo inayokwenda kulia, na jirani anamshukuru Mola. Tangu hapo kila masafa yana kibanio kimoja cha nguo, chenye rangi yake. Hujabana kibanio kwenye shati, huwashi rimoti. Vibanio ni vya mke wangu. Siku ya mashindano nguo zake hukaa kwenye kamba kwa kudra tu, na husema: "Upepo wenu mie nauombea uwe mdogo, si kwa ajili yenu."

Kanuni nyingine ni chache. Maboya mawili, ambayo ni mitungi ya mafuta ya kupikia iliyofungwa mawe. Ukiligusa boya, zunguka duara moja ndipo uendelee. Chombo kinachopigwa na upepo ubavu wa kulia kina haki, mwingine ampishe. Lakini mkifika kwenye boya, ikiwa pua ya mwenzako ilikwisha fika ubavuni mwako, naye ndiye aliye upande wa ndani, mpe nafasi apite. Na mwenye malalamiko ainue kitambaa chekundu papo hapo, asingoje akayakumbuke nyumbani.

Malalamiko yanaamuliwa na mama mmoja fundi wa cherehani kutoka Mtopanga. Ndiye anayetushonea matanga, na mashua hana, kwa hivyo hana upande. Zamani kila mtu alijisemea mwenyewe, na kesi moja ya kuguswa boya ikaanza alasiri hadi waadhini wakatupita mara mbili. Mama yule akachoka. Akasema: "Mtu akijitetea, viapo vya wallahi vinakuwa vingi kuliko maneno. Kuanzia leo kila mmoja atamtetea mwenzake. Na atakayemtetea mwenzake kwa uvivu, ameshindwa." Tukacheka, kisha tukaona hatuna njia nyingine.

Sasa nimfikie mtani wangu. Ni mtu wa bara, aliyeendesha kreni bandarini tangu ujanani, na kwake ni Magongo. Nimemtania mimi mpaka nimeishiwa. Nilimwambia watu wa kwao maji huyajua kwenye ndoo tu. Yeye haongei sana. Hujibu, "Sawa, Mswahili," kisha akaenda kurekebisha kamba zake. Miaka yote hiyo hakuwahi kushinda hata mara moja.

Mshindi wetu hupewa dele la shaba, lile la kahawa. Hukaa nalo mpaka mashindano yajayo, na kazi yake ni kutupikia kahawa siku hiyo. Mwaka huu mtani amestaafu, anahamia kwao na mkewe na magodoro yao. Akatangaza mbele ya watu wote, kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kusema: "Nikishinda safari hii, dele naenda nalo. Ndugu zangu wanaamini nimekaa pwani miaka yote hii nikila ubwabwa. Nataka waone niliwashinda wenye bahari."

Kamati ya mashindano ikakubali, kwa sababu hakuna aliyedhani atashinda. Nami nikamwambia mke wangu asafishe rafu, dele linakuja kwetu, halitavuka Mariakani kwenda bara mimi nikiwa hai.

Siku yenyewe upepo ulikuwa mzuri. Mbio za mwisho tulibaki wawili mbele, yake ya manjano na yangu ya kijani. Tukishuka na upepo kuelekea boya la mwisho, mimi upepo wanipiga kulia, haki yangu. Yeye yuko ndani, karibu na boya.

"Nafasi!" akapiga kelele.

"Haki yangu!" nami nikapiga, kwa ile sauti ya pakacha.

Zikagongana, pwaa. Yake ikasukumwa ikapiga boya, ikabidi izunguke duara. Yangu ikamaliza ya kwanza. Watu wa Likoni wakashangilia, nami nainua mikono, na nilipogeuka nikaona kitambaa chekundu.

Tukakaa kwenye majamvi. Mama fundi akaweka mkasi wake pembeni. Mtani akaanza kunitetea mimi.

"Mzee alikuwa na upepo wa kulia. Mimi nilitakiwa kumpisha. Amemaliza mbele."

Akakaa. Mama fundi akamtazama. "Ni hayo tu?"

"Ndiyo yaliyopo, mama."

"Si uvivu huo. Ni kamili. Haya, ami, mtetee mwenzako."

Nilikusudia kusema kidogo, wallahi. Maneno matatu, nikae. Lakini nikaona watu wote wananitazama, na mimi nikitazamwa hivyo sijiwezi. Nikachukua kikombe nikakiweka katikati, nikasema hili boya. Nikachukua mahamri mawili, hili yeye, hili mimi. Nikaeleza tulivyoshuka. Nikaeleza alivyonifuata tangu mbali, taratibu kama mtu anayeshusha kontena juu ya lori. Nikasukuma hamri lake mpaka pua yake ikafika ubavuni mwa hamri langu, na boya bado mbali. Nikapaza sauti: "Jamani! Mtu amebisha hodi, amefika mlangoni, amesema 'Nafasi!' kwa adabu, na huyu wa nje amebana njia kama hasikii! Huyu wa nje ana masikio gani?"

"Hana!" wakajibu watu.

"Ana haki gani?"

"Hana!"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mnyang'anyeni mashua!" Nami nikaitikia, "Naam!" Hapo ndipo nikamwona mke wangu ameshika kichwa, nikakumbuka huyo wa nje ni nani.

Mama fundi alijikaza asicheke, akashindwa. "Ami, tangu nianze kazi hii sijasikia utetezi kama huo. Umeshindwa."

Watu walilala chini kwa kicheko. Mke wangu akaniambia mbele ya wote: "Mie miaka yote nikikwambia punguza maneno, wadhani nakuonea." Mtani yeye hakucheka. Alilipokea dele kwa mikono miwili, akaligeuza akalitazama kitakoni, kisha akanijia akanishika mkono asiuachie. Akaniambia, "Asante, wakili." Mtu ambaye sikupata kumsikia akinitania hata siku moja.

Siku ya kusafiri nilikwenda Magongo kumuaga. Dele lilikuwa limezongwa leso ya mkewe, amelipakata mwenyewe, hataki liwekwe kwenye buti la basi. Nikamfundisha tena kahawa inavyokaangwa, inavyotwangwa, tangawizi kiasi gani. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza polepole, kama anayeogopa kunikosea: kwao watu hawanywi kitu kichungu, je, akipikia chai ya maziwa humo ndani, itakuwa vibaya?

Nililifunika dele vizuri kwa ile leso, lisisikie. Nikamwambia ni lake sasa, atie atakacho, ila asinipigie simu kuniambia.