Folda Iliyoitwa Mapishi

Mwaka 2006, wanawake wa Mtwara wenye shughuli zao walimtafuta Riziki Ismaili wa Chikongola kwa sababu moja kubwa: alikuwa mwanamke. Wapiga video wa kiume walikuwepo, tena wenye kamera nzuri kuliko yake, lakini mwanamume haingii uani wanawake wanapovua mitandio wakacheza watakavyo. Riziki aliingia. Alipiga picha zake, akarudi nyumbani, akajifungia chumbani na kompyuta, akakata na kuunga, kisha akachoma CD na kumkabidhi mwenyewe mkononi.

"Jicho la mwanamume halitapita hapa," ndivyo alivyowaahidi, nao walimwamini.

Kazi hazikumpiga chenga. Kilichompiga chenga ni nafasi. Saa moja ya picha ilikula giga kumi na tatu, na hadidiski yake, kile kisanduku cha chuma ndani ya kompyuta kinachotunza kila kitu, ilikuwa ya giga themanini tu. Mtu mwingine angefuta kazi ya zamani kabla ya kuingiza mpya. Riziki hakuweza. Kila kidole kilipokaribia kitufe cha kufuta, alikirudisha. Je, mwenye harusi akirudi kusema CD imekwaruzika? Basi akawa anahamisha huku na kule, anapunguza giga mbili hapa, moja pale. Mumewe Hemedi, karani wa bandarini, alimcheka.

"Mke wangu, unatunza harusi za watu mpaka za waliokwisha kuachana."

Shughuli ya Msimbati ndiyo iliyomnyima raha kuliko zote. Bi Sharifa alipomwoza binti yake wa mwisho, alimruhusu Riziki kupiga picha siku ile kungwi alipomcheza mwali, ili dada wa bibi harusi aliyeko Maskati naye aone.

"Nakala moja tu," Bi Sharifa alimwambia. "Ikishamfikia, futa. Sitaki kibaki hata kivuli."

Riziki aliitikia. Lakini CD ilikuwa inasafiri na mtu, na ya njiani hayana mwenyewe. Akaziacha zile picha kwenye folda aliyoipa jina la Mapishi, jina lisilomshtua mtu, akasubiri habari.

Mwezi wa nane mashine ikagoma. Alikuwa na harusi ya kukabidhi Ijumaa, na Jumanne, alipoiagiza kompyuta iunganishe kazi yote, ikafika nusu na kuandika kwamba nafasi imekwisha. Akafuta nyimbo zake, akafuta picha za Idi, akajaribu tena. Ikasimama palepale. Asubuhi ya pili yake akamwita Gideoni, fundi wa kompyuta wa Majengo, naye akaja na hadidiski mpya ya giga mia mbili hamsini. Walikubaliana ile ya zamani aichukue yeye, bei ipungue. Walishinda wakihamisha mafaili, Riziki akikagua folda moja moja kwa kidole kwenye kioo.

"Yote yamehama?" Gideoni aliuliza.

"Yote."

"Basi hii nitaifuta mwenyewe dukani." Akaifunga kwenye gazeti, akaondoka nayo.

Harusi ya Ijumaa ilikabidhiwa. Jumatatu simu ikalia, Bi Sharifa.

"Mwanangu, imefika. Dada mtu amelia mpaka basi. Sasa futa."

"Nafuta sasa hivi, mama."

Alifungua folda ya Mapishi, akafuta, akamwaga na kapu la takataka la kompyuta. Akabaki ameketi mkono ukiwa bado kwenye kipanya, na hapo ndipo alipokumbuka. Picha zile zilikuwa zimehama, ndiyo, lakini kwenye ile ya zamani zilibaki vilevile, na Gideoni kuifuta hakumwona.

Hakumbuki alifungaje mlango. Alimkuta Gideoni dukani, bisibisi mdomoni.

"Ile hadidiski yangu iko wapi?"

"Nimeuza juzi."

"Uliifuta?"

Gideoni alitoa bisibisi mdomoni taratibu. "Umeme ulikatika, dada. Mteja alikuwa na haraka. Nikamwambia ataifuta mwenyewe."

Mteja alikuwa Faraja, karani katika ofisi moja kule Naliendele. Riziki alishukuru kwamba ni mwanamke, kisha akakumbuka kwamba ofisini kuna wanaume, na wanaume hao wana kompyuta. Gideoni alimpakia kwenye pikipiki yake. Njia nzima, katikati ya mikorosho iliyokuwa inachanua, fundi alikuwa anaomba radhi na Riziki hakusikia hata neno. Aliona nyuso tu: kungwi, mashangazi, mwali mwenyewe. Aliona nyuso zile kwenye televisheni ya kibanda cha kahawa.

Faraja walimkuta nyumbani kwake anaanua nguo. Riziki alimwomba waongee wawili, Gideoni akabaki nje.

"Ile hadidiski uliyonunua, umeifungua?"

"Nimeifungua. Nataka kutunzia picha za kwaya yetu." Faraja alivuta shuka kambani. "Niliona folda ya mapishi, nikafurahi, nikajua kuna pilau la watu wa pwani."

Riziki alikaa chini bila kukaribishwa. "Ukaangalia?"

"Kidogo. Nikaona ni mambo ya ndani ya watu, nikafunga."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu." Alisema huku akikunja shuka, hakumtazama.

Riziki alitamani kuuliza mara ya pili, akaona aibu. Gideoni alipoitwa alisema kufuta tu hakutoshi, mjuzi anaweza kufufua. Lazima nafasi ile ijazwe kitu kingine juu yake. Wakaisafisha yote kwenye kompyuta ya Faraja, kisha wakanakili video ya kwaya, na kuirudia, na kuirudia, mpaka giga zote themanini zikajaa watu wenye majoho wakiimba. Riziki hakubandua macho kwenye kioo mpaka mwisho.

Angeweza kunyamaza. Hemedi alimshauri hivyo. "Wameona nini? Hakuna ajuaye." Lakini siku mbili Riziki hakula akashiba, na siku ya tatu alipanda gari la Msimbati. Alimkuta Bi Sharifa anamenya mihogo, akamweleza yote, na la folda hakulificha. Kisu hakikusimama mpaka alipomaliza.

"Aliyeona ni mwanamke?"

"Mwanamke, mama. Anasema alikuwa peke yake."

"Anasema." Bi Sharifa alitupa ganda. "Nilikwambia nakala moja."

"Niliogopa itapotea njiani."

"Uliogopa kitu kipotee. Hukuogopa kitu kionekane." Akachukua muhogo mwingine, akaendelea kwa sauti ya chini, "Umefanya vizuri kuja. Kungwi nitamwambia mimi. Lakini uani kwetu usije tena na kamera."

Neno lake lilisimama. Miaka miwili mizima, watu wa upande ule walimwita Riziki kupiga picha za ukumbini tu. Naye alibadili mtindo wa kazi. Kila alipomaliza shughuli, alimwita mwenyewe chumbani, akamkalisha kwenye kiti kando yake, akampa CD yake, kisha akafuta wote wawili wakitazama. Wapo waliopiga kelele, "Usifute bwana, niwekee!" Hakuwawekea. Ile hadidiski kubwa haikujaa hata nusu, na bado kidole kilitaka kurudi kila alipobonyeza.

Yule Faraja walikutana mara moja sokoni, wakasalimiana vizuri, wakaulizana hali za nyumbani. Swali lile la nani alikuwa naye, Riziki hakulirudia. Ila akisikia kuna CD ya harusi inayozunguka mtaani, huuliza kwanza ni harusi ya wapi.