Mausi ya Mkono wa Kushoto

Mama yangu hakutaka mtoto mashoto. Kila nilipomega ugali kwa mkono wa kushoto, pale nyumbani Bumula, alinichapa vidole. "Mkono wa kulia ndio wa kulia!" Nikajifunza, kwa machozi.

Siku hizi nachapa kazi za watu kwenye kompyuta hapa Kitale, na mkono huo umekuwa wa kulia kweli: unauma kutoka kiwiko hadi vidoleni. Nikaenda kwa mzee Mhindi anayeuza vifaa vya kompyuta, nikaomba mausi ya kushoto. Akapangusa vumbi kwenye boksi.

"Hii hakuna mtu anataka, mama."

"Kwani mimi si mtu?"

Wiki ya kwanza niliitukana hiyo mausi. Mshale ulikimbilia pembeni, nikafunga kazi ambayo sikuwa nimehifadhi. Kisha mkono ukakumbuka kwao.

Juzi mama alikuja kunitembelea. Aliponikuta nikibonyeza kwa kushoto, niliuficha mkono haraka, kama mtoto. Aliuvuta ule mkono taratibu, akavipapasa vidole kimoja kimoja, kana kwamba anatafuta pale alipochapa.